Leseni Huuliza Unaishi Wapi

Ukitoka Mbarara kwa baiskeli kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, lami ya barabara ya Kikagati inakupeleka vizuri mpaka Kaberebere na Isingiro mjini. Njiani hutakosa kuwaona wanaume wanaosukuma baiskeli nyeusi za Roadmaster zilizosheheni mikungu ya matoke, imefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mlima wanaupanda kwa miguu, bega kwenye usukani. Wakifika kileleni wanapanda juu ya keria, wanaiachia ishuke, na breki zikichoka wanakanyagia kandambili kwenye tairi. Wewe uliyevaa kofia ngumu na kaptura ya kubana wanakupita wakikusalimu. Ukiacha lami linaanza vumbi jekundu, na vilima havipungui. Nchi hii ilikuwa na waendesha baiskeli kabla haijawa na klabu ya baiskeli.

Kwa hiyo mjadala unaozuka kila vijana wa huku wanapojikusanya kuunda klabu, kwamba ijiunge na Chama cha Baiskeli cha Uganda (UCA) au ibaki kivyake, hauhusu miguu. Unahusu karatasi. Nani ataandika matokeo yako yakatambulika nje ya Isingiro? Nani atasimama na wewe ukigongwa na trela linalokimbilia mpakani? Nani ana mamlaka ya kukwambia mbio hizi nenda, zile usiende? Sisemei klabu moja hapa. Nasemea yoyote, iwe ya vijana wa New Congo na Kabazana huko Nakivale, iwe ya wafanyakazi wa maofisini na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, na ningependa zaidi iwe moja tu yenye watu wa pande zote mbili.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: ijiunge. Ila sababu zinazotajwa mara nyingi kuitetea hoja hiyo ni mbovu, na klabu itakayojiunga kwa sababu hizo itajitoa kabla ya mwaka kwisha, imenuna.

Sababu mbovu ya kwanza ni kwamba chama kitaleta baiskeli. Nakivale ni makazi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Katika miaka yote hiyo miradi imetufundisha kwamba kuandika jina ni kupokea. Unajaza fomu, unaacha namba ya simu, unapigwa picha, unaitwa mnufaika. Chama cha michezo hakiendi hivyo. Unapojiunga unaanza kwa kutoa: ada, orodha ya wanachama, katiba, nauli ya vikao. Fungu la serikali kwa michezo hupitia Baraza la Taifa la Michezo, na sehemu kubwa humezwa na soka kabla baiskeli haijafikiwa. Anayetarajia kontena la baiskeli kutoka Kampala atangoja sana.

Sababu mbovu ya pili ni heshima, yaani nembo ya taifa kwenye jezi. Hii siizungumzii zaidi.

Sababu nzuri imejificha kwenye kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lenye makao yake Aigle, Uswisi. Kanuni hizo zinasema leseni ya mashindano hutolewa na chama cha nchi ambako mwombaji ana makazi yake makuu wakati anapoomba. Uraia utaandikwa kwenye leseni, ndiyo, lakini anayeitoa ni chama cha pale unapoishi. Mkongomani wa Kashojwa, Mrundi, Msomali au Mwethiopia aliyeandikishwa Nakivale hana haja ya kutafuta barua Kinshasa, Gitega, Mogadishu wala Addis Ababa, miji ambayo wengine hawawezi hata kuipigia simu bila kuogopa. Chama chake kiko Kampala, sawa na cha mtoto wa Kakoba au Ruharo pale Mbarara mjini.

Mtu asiyeishi maisha haya huenda asione ukubwa wa jambo hilo. Mkimbizi kila dirisha analosimama huulizwa alikotoka: mwaka gani, kijiji gani, nani alikufuata, una ushahidi gani. Kumbe kuna dirisha moja linalouliza anakoishi. Mlango wa namna hiyo ukiuona, huubishii kwa sababu bawaba zake zina kutu.

Na sheria ya nchi haipingani nao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na kuunda vyama visivyo vya kisiasa na visivyo vya faida. Klabu ya baiskeli ndiyo hiyo hasa. Inaweza kuandikishwa kama kikundi cha jamii kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya ya Isingiro, kama zilivyofanya asasi nyingi za wakimbizi wenyewe. Nalisema hili kwa sababu bado kuna tabia ya kumtafuta "mwenyeji" wa kuweka jina lake mbele, ati ndipo mambo yaende. Mwenyeji awemo, tena awe mwanachama kamili na aendeshe baiskeli kama wengine. Lakini siku baiskeli zinapogombaniwa, jina lililo kwenye cheti ndilo mwenye mali.

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili, maana vijana wakidanganywa hapa hawatasamehe. Leseni hufuata makazi. Jezi ya taifa hufuata uraia. Ubingwa wa taifa na timu ya taifa ni vya raia, na kwa mkimbizi wa Uganda uraia ni mlima mwingine. Ibara ya 12 ya Katiba, inayohusu uraia wa kusajiliwa, inamweka kando mtu ambaye mzazi wake au babu yake alikuwa mkimbizi nchini. Kijana aliyezaliwa Juru ndani ya Nakivale, aliyesoma Juru, asiyejua njia nyingine ila ya Juru, anaweza kuwa na leseni ya Uganda mfukoni na bado asiweze kuvaa rangi za Uganda. Mwendesha baiskeli Charles Kagimu aliiwakilisha nchi hii kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Kijana wa Nakivale anaweza kufanya mazoezi na mtu kama Kagimu, anaweza siku moja hata kumshinda, lakini jezi ile hataivaa kwa kumshinda tu. Kocha atakayeficha hilo ili wavulana waje mazoezini ni mwongo.

Na mpaka ni mpaka. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na Tadej Pogačar akatwaa ubingwa juu ya vilima vile. Chukua ramani upime: kwa mstari ulionyooka, Nakivale iko karibu na Kigali kuliko Kampala. Lakini mkimbizi havuki mpaka kwa leseni ya baiskeli. Anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo ina foleni yake na gharama yake. Isitoshe, kwa baadhi ya majirani zangu kuvuka kwenda upande ule si suala la hati hata kidogo. Hata ndani ya Uganda, anayetoka makazini kwa siku kadhaa hufanya vizuri kupitia ofisi ya kamandanti wa makazi akachukua kibali, hasa kama hadhi yake ya ukimbizi bado haijaamuliwa.

Basi leseni ina faida gani kama haifungui mpaka wala haileti jezi? Inaleta kumbukumbu. Matokeo yanayoandikwa.

Hapa nawakumbusha kisa cha Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akanolewa na David Kinjah kule Kikuyu, kwenye vumbi kama letu. Mwaka 2006 alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 23 kule Salzburg, Austria. Kwenye kitabu cha maisha yake anasimulia mwenyewe alichofanya: aliingia kwenye barua pepe ya kiongozi wa chama cha Kenya akajiandikisha, kana kwamba chama ndicho kilichomtuma. Akafika peke yake, na katika mbio dhidi ya saa akamvaa msimamizi mmoja mara tu baada ya kuanza, wote wawili chini. Baadaye alihamia leseni ya Uingereza, na Tour de France akaishinda mara nne kuanzia 2013, zote kwa jina la Uingereza.

Kisa hicho ni msumeno. Wanaosema tujiunge husema: ona, hata mtu mwenye miguu ya kushinda Tour de France alishindwa kupita bila muhuri, ikabidi auibe. Wanaosema tusijiunge husema: ona, chama kilikuwepo, kilikuwa na muhuri, na bado kijana hakuona njia ya kuupata kwa halali. Wote wana haki. Ninachokiona mimi ni kwamba Froome alikuwa na njia ya pili. Alikuwa na pasipoti nyingine, akahama. Kijana wa Nakivale hana pa kuhamia, kwa hiyo hana anasa ya kukinunia chama cha pekee alichonacho.

Tazama na timu ya wakimbizi ya Olimpiki. Tokyo walikuwapo Masomah Ali Zada wa Afghanistan na Ahmad Badreddin Wais wa Syria. Paris 2024 walikuwapo Amir Ansari wa Afghanistan na Eyeru Gebru, binti wa Ethiopia. Wanne hao wote waliendesha baiskeli, na wote walikuwa wakiishi Ulaya. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye kambi au makazi ya Afrika. Riadha ni tofauti. Timu ya kwanza kabisa, ya Rio 2016, ilikuwa na wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya, kwa sababu mwanariadha Tegla Loroupe alikwenda kambini kuwatafuta, akapanga majaribio, akawapeleka Ngong kujinoa. Kukimbia hakuhitaji mashine, na Kenya ina watu wa riadha wanaojua kutambua miguu. Baiskeli ni ghali, lakini bei si jibu lote. Majina ya timu ile huwasilishwa na kamati ya Olimpiki ya nchi inayowahifadhi wakimbizi, na jina haliwasilishwi bila rekodi. Ansari aliishi Sweden na Gebru Ufaransa, nchi ambako mbio zenye leseni, wasimamizi na saa rasmi ziko nyingi. Ukilizunguka Ziwa Nakivale lote kwa kasi ya ajabu huku rafiki yako akishika simu kupima muda, umefurahi, umepata afya, ila hakuna aliyeandika.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni kanuni ambayo wachache huisoma kabla ya kulipa ada. UCI inamkataza mwenye leseni kushiriki mbio zisizokuwa kwenye kalenda ya taifa, ya bara au ya dunia, au zisizotambuliwa na chama. Adhabu iliyoandikwa ni kufungiwa mwezi mmoja na faini ya faranga za Uswisi 50 hadi 100. Mwaka 2013 UCI ilipoikumbusha dunia kanuni hiyo, waendesha baiskeli wa milimani kule Marekani walikuja juu, maana mbio zao nyingi zilikuwa za kienyeji, na utekelezaji ukalegezwa kwa mwaka ule.

Sasa ilete kanuni hiyo Base Camp, hapa Nakivale. Tuseme Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, kuna mbio. Wenye Roadmaster na Hero, wasio na gia, wanapanga mstari mbele ya hema la wageni wa heshima. Zawadi ni mbuzi. Katikati yao yupo binti wa klabu mwenye leseni, na mbuzi yule anamtazama kwa macho mengine, maana tangu mgao wa chakula wa WFP ulivyokatwakatwa miaka hii, mbuzi ni ada ya shule. Kwa kanuni iliyoandikwa, akishiriki mbio hizo anakosea. Klabu iliyojiunga bila kuliuliza hili imemnyang'anya mtoto mbuzi kwa ajili ya karatasi.

Dawa ipo ndani ya kanuni ileile. Chama cha taifa kina ruhusa ya kutoa msamaha maalumu kwa mbio fulani zinazofanyika ndani ya nchi yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, klabu iandike barua na kutaja mbio zake za mwaka: hizi za 20 Juni, na za sikukuu zitakazoanzia uwanja wa Kakyeka, Mbarara. Iombe zitambuliwe kwa maandishi. Chama kikikubali, kimepata mbio mpya upande wa magharibi bila kutoa senti. Kikikataa, klabu imejua mapema inaingia nyumba ya namna gani.

Halafu si kila mwanachama achukue leseni. Hili huwachanganya wengi: klabu kuwa mwanachama wa chama ni jambo moja, mtu kuwa na leseni ni jambo lingine. Wanaokwenda mashindanoni wapate leseni. Mama anayetaka kujifunza baiskeli ili afike sokoni Kabingo, mzee anayekuja kwa ajili ya sukari yake, watoto wanaokuja kwa sababu fundi ana pampu na viraka vya bure, hao wabaki watu wa klabu tu, bila ada ya Kampala. Klabu ikigeuka kuwa kiwanda cha wanamashindano sita, wengine hamsini wataacha kuja, na hao hamsini ndio wanaozitunza gololi na spoku za hao sita.

Kuna suala la bima, na hapa naomba makatibu wa klabu wawe wabishi. Kanuni zinataka mwenye leseni awe amekingwa kwa ajali na kwa madhara anayoweza kumsababishia mwingine. Ulizeni: bima ipi, kampuni ipi, inalipa nini, na je, inamkubali mwenye kitambulisho cha mkimbizi badala ya kitambulisho cha taifa? Dereva wa trela hatakuuliza hadhi yako kabla ya kukupita kwa umbali wa kiganja. Hospitali itakuuliza. Leseni isiyo na bima ya kweli nyuma yake ni kadi ya plastiki, na kama jibu la swali hili ni kusuasua, klabu ina haki ya kusubiri.

Swali jingine la halali ni hadhi ya chama chenyewe. Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, na vyama vya michezo vinatakiwa kuandikishwa chini yake. Kuomba kuona cheti si matusi. Tuliona Kenya mwaka 2022: serikali na viongozi wa soka walivutana, FIFA ikaifungia nchi kuanzia Februari mpaka Novemba, na walioumia ni vilabu na wachezaji ambao hata hawakuwamo kwenye ugomvi. Mwanachama wa chini hawezi kuzuia vita vya juu. Anaweza tu kuhakikisha mali yake haimo uwanjani.

Ndiyo maana nasisitiza: klabu ijiunge ikiwa tayari imesimama. Iwe na katiba yake, mhasibu wake, akaunti yenye sahihi tatu, na daftari la baiskeli lenye namba ya fremu ya kila moja. Klabu tupu ikijiunga, chama kitaiandikia kila kitu, hata viongozi. Klabu yenye daftari inaweza kusema hapana.

Wapo watakaosema nimeiremba Kampala. Sijairemba. Najua jinsi mikoa inavyosahaulika, na najua mtu wa Isingiro akiingia kikaoni husalimiwa kwa upole kisha maamuzi yakaendelea. Lakini waliobaki nje nao husahaulika, tena bila hata kusalimiwa. Mbarara imekuwa jiji tangu Julai 2020. Ina hoteli, uwanja, barabara ya kuzunguka mji, na vilima ambavyo Kampala haina. Siku ratiba ya mbio za taifa inapopangwa, mtu wa huku asipokuwepo chumbani, nani ataitaja barabara ya Kikagati?

Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270, kabla hujahesabu kipande cha vumbi kutoka makazini. Basi kwenye bajeti ya kwanza ya klabu, juu ya jezi na nembo, iandikwe nauli ya wajumbe wawili, mmoja wa Nakivale na mmoja wa mjini, kwenda na kurudi, pamoja na pesa ya kulala. Na katiba iseme wazi kwamba mjumbe asiyeleta ripoti ya maandishi anairudisha nauli.